Oili nyeusi siku ya tatu: je, niimwage mwenyewe?

*"Nina Prado la dizeli, injini ya 1KZ-TE yenye turbo, nililolinunua mkono wa pili mwaka jana. Nakaa Malindi, upande wa Barani. Siku za shule gari linakwenda mjini na kurudi, kilomita nne tu, na mara mbili kwa mwezi nakwenda shamba Marafa. Mwezi uliopita nililipeleka gereji kwa sevisi. Siku ya tatu nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi ti! Fundi ameniapia kuwa alitia oili mpya na filta mpya. Shemeji yangu asema nimeibiwa, na kwamba dawa ni kuiosha injini kwa dizeli kisha nitie oili nzito, 20W-50, kwa sababu ya joto letu hili. Nimechoka kubahatisha. Safari ijayo nataka niimwage mwenyewe nyumbani. Uwanja wangu ni mchanga mtupu. Je, ni kazi ninayoiweza bila kuharibu injini?"*

Ndugu yangu, kwanza nimtoe fundi wako kizimbani, maana naona wewe umemhukumu nusu na shemeji amemalizia nusu iliyobaki. Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku ya tatu haithibitishi wizi. Huenda alikuibia, huenda hakukuibia. Rangi haiwezi kukwambia. Swali lako lenyewe nalijibu hivi: ndiyo, kazi hii unaiweza. Mtu anayebadilisha mtungi wa gesi jikoni kwake na kukagua kama mpira unavuja ana utulivu wa kutosha kumwaga oili. Lakini katika maneno yako yote kuna moja lililonishtua, nalo ni "mchanga". Nitalifikia.

Tuanze na weusi. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche. Dizeli haina cheche. Huibana hewa mpaka ikawa moto mkali, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakajiwakia yenyewe. Muda wa mafuta kuchanganyika na hewa ni mfupi mno, kwa hiyo sehemu yake huungua kabla ya kupata hewa ya kuitosha, na hapo ndipo masizi huzaliwa. Ni sawa na kandili uliyoipandisha utambi kupita kiasi: taa inawaka, lakini chemni inaingia weusi. Masizi mengi hutoka na moshi. Machache hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na injini ya umri wa hiyo yako, ambayo ringi zake zimeshasafiri nchi nzima, hupenyeza zaidi ya injini mpya.

Sasa, oili ya dizeli imetiwa dawa makusudi ya kuyapokea masizi hayo. Dawa moja huyabandua kwenye chuma, nyingine huizungushia kila chembe na kuizuia isigandane na mwenziwe, ili yaelee mpaka siku ya kumwagwa. Oili inayofanya kazi hiyo lazima iwe nyeusi. Ongeza na hili: hata ukimwaga kwa subira yote, oili kuukuu kiasi hubaki kwenye mapito ya injini, kwenye kipozeo chake na kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Ukishatia mpya na kuwasha, ile iliyobaki huitia wino yote. Mimi nilianza kazi kwenye mashine za mashua kule Lamu, ambako gari ni chache na punda ni wengi, na sikumbuki nahodha hata mmoja aliyewahi kuniuliza mbona oili nyeusi. Kwa injini ya umri wa yako, oili ambayo ingebaki rangi ya asali baada ya kilomita elfu moja ndiyo ingenifanya nikune kichwa.

Utajuaje basi kama oili ni mpya? Kwa vidole, pua na karatasi. Itie baina ya kidole gumba na cha shahada usugue: iwe laini na yenye utelezi, isiwe na chembechembe. Inuse: harufu kali ya dizeli haitakiwi. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, uiache mpaka kesho. Oili yenye uhai husambaa ikawa duara la kijivu linalofifia taratibu kuelekea pembeni. Iliyochoka huacha masizi yamerundikana katikati kama doa la lami lenye ukingo mkali, kwa kuwa ile dawa ya kuyatawanya imekwisha nguvu. Si maabara, lakini ni bora kuliko kiapo cha fundi na tuhuma za shemeji. Filta nayo ina ushahidi wake mwepesi: chungulia. Filta ya mwezi mmoja ni safi, rangi yake inang'aa na maandishi yanasomeka. Iliyovaa koti la vumbi la Marafa lililoshikana na mafuta ina mwaka pale.

Hiyo 20W-50 nayo. Shemeji ana hoja nusu, na hoja nusu ndizo zinazoharibu injini. Watu huiona ile W wakadhani haiwahusu kwa kuwa Malindi hakuna baridi. Nambari iliyo mbele ya W hueleza oili inavyojimudu injini ikiwa baridi. Ya nyuma hueleza unene wake ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. Na "baridi" kwa injini maana yake ni asubuhi yoyote kabla hujawasha. Chukua 15W-40 ya kawaida: kwenye nyuzi 40 ni nzito karibu mara saba kuliko inavyokuwa kwenye nyuzi 100. Alfajiri ya Barani, joto likiwa chini ya 30, ni nzito zaidi ya hapo. Katika sekunde hizo za kwanza chuma kinangoja oili ipande kutoka kwenye sampu, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea hapo, wala si kwenye jua la saa saba mchana. Gari lako linawashwa mara kadhaa kwa siku kwa safari za kilomita nne. Ukilitilia oili nzito zaidi, unaongeza muda wa kungoja.

Joto letu halizidi uwezo wa 15W-40. Injini ina rejeta na thamostati zinazoishikilia karibu na joto lake lile lile, uwe Malindi au Limuru. Ikiwa inakula oili kwa kulika, 20W-50 inaweza kupunguza moshi na kelele kwa muda, nami nimewahi kumtilia mzee mmoja aliyetaka gari limfikishe tu hadi mwaka wa kuuza. Kwako sioni sababu. Cha kukitazama kwenye galoni zaidi ya nambari hizo ni daraja la API, kipimo cha ubora wa oili: herufi C huashiria dizeli, S huashiria petroli. CI-4 au CH-4 zinakutosha kabisa. Galoni iliyoandikwa S peke yake iache dukani, hata ikiwa bei nzuri. Nunua pale unapopaamini, kizibo kiwe hakijaguswa, na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iwepo. Nambari ya kibali chini ya alama hiyo unaweza kuihakiki kwa ujumbe wa simu kwenda 20023. (Msomaji mwenye dizeli mpya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi asinifuate hapa. Gari hilo lataka oili ya majivu machache, na kitabu chake ndicho kinachoamua.)

Kuosha injini kwa dizeli: usifanye. Nimeyasikia hayo tangu ujana wangu na bado yanazunguka. Oili hufanya kazi kwa kuweka utando mwembamba baina ya beringi na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), chuma kisikutane na chuma. Dizeli haiwezi kuubeba mzigo huo. Ukiiwasha injini dakika tano ikiwa na dizeli kwenye sampu, dakika hizo tano beringi ziko uchi. Tope lililoganda litabanduka kwa mapande likaenda kuziba kichungio cha pampu ya oili, na dizeli itakayobaki mapitoni itaipunguza nguvu oili mpya uliyoilipia. Kama una shaka na usafi wa ndani, tia oili ya kawaida na filta mpya, endesha kilomita elfu mbili, mwaga tena, tia nyingine. Oili yenyewe ndiyo sabuni. Ipe muda tu.

Kabla hatujaingia chini ya gari, jambo moja ambalo hukuliuliza: zile kilomita nne. Kila lita ya dizeli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji, kwa umbo la mvuke. Injini iliyopata moto huutoa wote. Ambayo haijapata moto, sehemu ya mvuke hupenya kwenye sampu ukatulia humo kama umande, ukikutana na salfa ya mafuta unakuwa asidi. Dizeli yetu ina afadhali tangu 2015, salfa ilipoteremshwa hadi sehemu 50 kwa milioni, lakini maji ni yale yale. Kwa hiyo safari ya Marafa, unayoiona inalichosha gari, ndiyo inayoliponya: saa nzima ya moto wa kweli huyakausha yale maji. Vumbi la njia hiyo linaumiza filta ya hewa zaidi kuliko oili, basi usiisahau nayo. Kwa mwendo wako, badilisha kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Miezi ihesabu hata kama gari limekaa.

Sasa uamuzi. Kama unataka kufanya mwenyewe ili uokoe pesa, nikwambie kweli: ufundi ni sehemu ndogo ya bili. Pesa huliwa na oili na filta, ambazo utazinunua vilevile, tena mara ya kwanza utanunua na spana, karai, faneli na mkanda wa kufungulia filta. Faida ya kweli ni kujua kilichoingia na kukiona kilichotoka. Na kuna njia ya katikati ambayo wengi wetu tunaijua: nunua oili na filta mwenyewe, peleka kwa fundi, kaa pale pale juu ya debe, ondoka na filta kuukuu mkononi. Hakuna fundi mwaminifu atakayeudhika. Kama uwanja wako hauwezi kurekebishwa, mimi ningechagua hiyo.

Na hapa ndipo tunarudi kwenye mchanga. Jeki kwenye mchanga huzama upande mmoja, taratibu, bila kelele, mpaka ghafla. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, popote pale, hata kwa "dakika moja tu". Bahati yako ni kwamba gari la fo-wili limeinuka. Mtu wa umbo la kawaida huingia chini ya Prado likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne. Kwa hiyo huhitaji jeki kabisa. Unahitaji ardhi ngumu na iliyo sawa: sakafu ya saruji ya jamaa, au kituo cha mafuta ambacho mwenyewe atakuruhusu asubuhi kabla ya wateja. Gari likiwa limeinama, oili haitoki yote na kijiti kitakudanganya. Vuta hendibreki, tia mawe magurudumuni mbele na nyuma. Kisha angalia gia ndogo ya fo-wili: ikiwa kwenye N, gari litatembea hata kama gia kubwa iko kwenye P au imeingizwa namba moja. Watu wengi wenye fo-wili hawalijui hilo mpaka siku gari linapowaaga.

Injini iwe vuguvugu. Ikiwa baridi, masizi hubaki chini. Ikiwa imetoka safarini sasa hivi, oili itakuunguza mkono vibaya. Iwashe dakika kumi, zima, kunywa chai, kisha anza. Fungua mfuniko wa kutilia juu ili oili ipate pumzi ya kushuka. Vaa glavu, oili iliyotumika ya dizeli si kitu cha kuzoeza ngozi miaka na miaka.

Chini ya gari, tulia kwanza uangalie. Fo-wili ina plagi nyingi, yaani boliti za kumwagia oili: ya injini, ya giabokisi, ya gia ndogo, ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma. Jamaa mmoja aliniletea gari likinguruma kama kinu. Alikuwa amemwaga oili ya giabokisi akidhani ni ya injini, kisha akatia lita saba juu ya zile zilizokuwamo. Sampu ya injini iko moja kwa moja chini ya injini, mbele ya giabokisi, na ukiifuata kwa jicho kwenda juu utaona injini yenyewe. Ikiwa bamba la kukingia mawe limeziba, lifungue. Boliti zake zitakuwa na kutu, hewa ya bahari haimsahau mtu Malindi, basi zipulizie mafuta ya kulainisha tangu jana yake.

Tumia spana ya duara au soketi inayokaa sawasawa kwenye plagi, ile ya mdomo wazi hula pembe. Inafunguka kinyume cha saa ukiitazama uso kwa uso, na nasema hivyo kwa kuwa mtu aliyelala chali mara nyingi huikaza akidhani anafungua. Ikishalegea, imalizie kwa vidole huku unaisukuma juu, kisha ivute upesi kando. Oili ya mwanzo hutoka kwa kuruka, si kwa kudondoka, kwa hiyo karai liwe kubwa na liwekwe mbele kidogo. Iache itiririke dakika ishirini nzima. Wakati huo, kama una pampu ya grisi, zipige grisi krosi za propela, vile viungo vya mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumuni. Hiyo nayo ni kazi ambayo gereji nyingi husema zimefanya.

Plagi irudishe ikiwa na washa mpya (ile pete ya kuzuia kuvuja), na ianze kwa vidole mpaka iingie nyuzi kadhaa bila kukataa. Ikikataa, itoe uanze upya, usilazimishe kwa spana. Kisha ikaze iwe imara, kwa mkono mmoja, bila kuongeza bomba kwenye spana. Plagi zinazoharibika karibu zote huharibiwa na mwenye nguvu, si na mnyonge.

Filta ndiyo penye kosa langu, na nalieleza kwa kuwa bado linaniuma. Nilikuwa kijana, nimeachiwa gari la mteja peke yangu. Nikafungua filta kuukuu, nikafunga mpya, nikawasha, hakuna tone. Mteja akaondoka kuelekea Mambrui. Hakufika mbali na daraja la Sabaki; taa ya oili ikawaka, na nyuma yake kuna mstari mweusi barabarani. Raba ya filta kuukuu ilikuwa imebaki imegandana na injini, nami nikafunga filta mpya juu yake. Raba mbili zikisuguana hushika mpaka presha ya mwendo ipande, kisha moja huchomoka na injini inajitapikia oili yote kwa dakika chache. Yule bwana alizima mara moja, Mungu amlipe, injini ikapona. Tangu siku hiyo sijafunga filta kabla ya kuitazama ile kuukuu kuona raba yake iko, na kupitisha kidole mahali pake kwenye injini.

Raba ya filta mpya ipake oili mpya kwa kidole. Izungushe mpaka raba iguse injini, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Ule mkanda ni wa kufungulia tu. Na filta ibadilishwe kila mara, wala usikubali ile desturi ya "sevisi hii oili, sevisi ijayo filta". Ndani ya filta au karibu nayo kuna kilango cha dharura: filta ikiziba, kilango hufunguka oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni bora kuliko kukosa oili. Kwa hiyo filta iliyoziba haikupi dalili yoyote. Gari linaendelea vizuri tu, likijipaka uchafu wake lenyewe.

1KZ-TE hunywa kama lita 7 pamoja na filta. Tia sita, ngoja dakika tano, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu. Usiipite. Wengi hudhani kuzidisha ni kuwa mkarimu, lakini kranki hufika ikaipiga oili kama mayai yanavyopigwa, povu likaingia pampuni, nyingine ikapanda kupitia bomba la pumzi mpaka kwenye hewa inayoingia injini. Na dizeli haichagui mafuta: ikipata oili ya kutosha kwenye hewa yake, itaiunguza kama dizeli, itapanda mbio yenyewe, na ufunguo hautaizima. Nimeiona mara moja kwenye mashine ya mashua, na watu wazima waliruka majini.

Ukiwasha, usikanyage mafuta. Taa ya oili itakaa sekunde chache filta inapojaa, kisha izimike. Turbo ya ukubwa huo ikikanyagwa huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoishikilia ni oili tu, kwa hiyo iache injini iende polepole dakika mbili mpaka kila pito lishibe. Chungulia chini plagi na filta. Zima, ngoja, pima tena, kwani filta imechukua sehemu yake. Andika tarehe na kilomita juu ya filta kwa kalamu ya wino mzito. Kesho yake asubuhi tazama tena chini ya gari.

Usiimwage oili kuukuu kabla hujaisoma. Ipitishe baina ya vidole, itazame juani ikiwa karaini. Vumbi jepesi la kijivu kwenye plagi yenye sumaku si ajabu kwa gari la umri huo. Vipande vinavyokwaruza, au mng'ao wa rangi ya shaba, hivyo vyatoka kwenye beringi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, na kwa 1KZ-TE hilo linanitia hofu zaidi, kwa sababu silinda hedi ya injini hii ina sifa ya kupasuka ikishapata moto kupita kiasi. Ute kidogo wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko pekee, kwa gari la safari fupi, mara nyingi ni ule umande niliokueleza. Lakini ukiwa na rejeta inayopungua maji bila kuvuja, mambo ni mengine.

Kisha irudishe ndani ya magaloni ilimotoka oili mpya, uyafunge. Malindi tunaishi juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Kinachomwagwa uani hakikai juu, kinashuka kwenye kisima cha jirani na hatimaye baharini, na bahari yetu hapa ni hifadhi tangu 1968. Kanuni za taka zinaihesabu oili iliyotumika kuwa taka ya hatari. Vituo vya mafuta vyenye sehemu ya sevisi huikusanya kwa ajili ya wachukuzi wenye leseni, uliza kabla ya siku yenyewe. Atakuja mtu kukuomba apake nguzo kwa ajili ya mchwa, na mwingine apake chombo chake. Wazee wetu walipaka vyombo kwa sifa (mafuta ya papa) na deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta), na papa na chokaa havikumdhuru mtu. Hii usiwape.

Mwisho, pale ambapo mikono yako iishie na ya fundi ianze. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde kumi, zima, usijaribu mara ya pili wala ya tatu. Plagi ikizunguka bila kukaza, nyuzi zimekwisha. Gari livutwe, kwani fundi mwenye tapu ya kukatia nyuzi mpya na plagi kubwa kidogo huimaliza kwa saa moja, ilhali gundi ya mabomba itakuacha njiani. Oili ya maziwa, vipande vya chuma, mlio mpya wa kugonga chini ya injini, yote hayo ni ya fundi, na umpelekee ile oili kwenye chupa ya kuonekana ndani. Na kimoja watu hukipuuza kwa sababu kinafanana na habari njema: kijiti kinachoonyesha oili imeongezeka bila wewe kutia. Kuna kitu kinachoingia humo, dizeli au maji, na gari hilo lisiende hata Marafa mpaka kijulikane ni kipi.